Usiku wa Kulwa, Usiku wa Doto

Jumatatu, 3 Juni 1996

Leo nimeanza kazi. Naandika nyuma ya daftari langu la Kemia. Lina kurasa nyingi tupu, maana kidato cha nne chote hatukuwa na mwalimu wa somo hilo. Tangu matokeo yatoke na jina langu likose kwenye orodha ya waliochaguliwa, nimekuwa nikipalilia pamba ya baba bila kusema na mtu.

Kazi yenyewe ni hii. Watu wa utafiti wamepanga ofisi Bariadi mjini, kwenye ghala la zamani la ushirika ambalo siku hizi halipokei pamba, kwa kuwa wanunuzi binafsi wanaifuata huku huku vijijini kwa malori yao. Wanapima usingizi wa watoto. Wanataka kujua kama mtoto anayelala kwenye chandarua chenye dawa analala vizuri kuliko asiye nacho. Mtoto aliyechaguliwa anafungwa mkononi kitu kama saa, ila hakina mishale wala namba. Ndani yake kuna mashine inayoandika kila mkono unapotikisika, usiku na mchana. Watoto wameshakipa jina: saa kipofu.

Kila Jumamosi asubuhi msimamizi wetu, Bwana Novatus, atazikusanya kwa pikipiki, azisome kwa kompyuta, azirudishe jioni. Mimi kila asubuhi nipite kaya kumi na mbili, nihakikishe saa iko mkononi, nimuulize mama mtoto alilala saa ngapi, akaamka saa ngapi.

Nilipomweleza baba alicheka mpaka akaweka jembe chini. "Yaani umeajiriwa kuuliza watu wameamkaje? Hiyo si kazi, Maksi binti yangu, hiyo ni salamu!"

Jumanne, 4 Juni

Nimesimama nje ya nyumba ya kwanza muda mrefu nikishindwa kupiga hodi. Mbwa wao alichoka kubweka, akalala.

Alhamisi, 6 Juni

Leo tumefunga saa ya mwisho, kwa Nyanjige. Mume wake yuko Nassa kwa wavuvi, naye anaishi na mama mkwe wake, Bibi Milembe, na mapacha wake wa kiume wenye miaka sita, Kulwa na Doto. Wanafanana kama punje mbili za choroko. Wanalala na bibi yao kwenye nyumba ndogo, na Bibi Milembe masikio yake yamechoka, kwa hiyo ukizungumza naye unapiga kelele, jambo ambalo mimi siliwezi.

Jina la Kulwa ndilo lililotoka kwenye karatasi za bahati. Bwana Novatus alipomfunga, Bibi Milembe alinyoosha mkono.

"Na ya huyu?"

"Bibi, kila nyumba ni mtoto mmoja tu."

"Hawa ni mabasa," alisema bibi, akitumia neno la Kisukuma la mapacha. "Kulwa ukimpa kiazi, Doto unampa kiazi. Ukimnyima mmoja unawaumiza wote."

"Hiki si kiazi, bibi!"

"Ndiyo maana nakuambia mapema."

Bwana Novatus aliangalia pikipiki yake. Nyanjige akasema taratibu, "Basi, tumesikia."

Kulwa alikimbia kuwaonyesha wenzake. Doto alibaki ameegemea ukuta juani, akisinzia. "Huyu mzee wangu," Nyanjige aliniambia, akimpangusa vumbi usoni. "Halali akatosheka. Anaweza kulala hata na tonge mdomoni."

Ijumaa, 7 Juni

Nimezunguka zote. Kwa Nyanjige: saa ipo. Alilala vizuri, amesema mama yake.

Jumatatu, 10 Juni

Baba amefungua shamba la bondeni, tumechuma mpaka jioni. Vidole vinaniuma. Kwa Nyanjige: saa ipo, alilala vizuri.

Jumatano, 12 Juni

Upepo na vumbi. Saa ipo, alilala vizuri.

Nimeanza kupenda kufika pale. Nyanjige hanisubiri niongee. Ananiwekea kigoda, ananipa kikombe cha uji, anajibu maswali yangu kabla sijayauliza kwa sababu ameshayajua. Leo alinisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, Maksi. Saa mbili, saa kumi na mbili, hakuamka. Sasa kunywa uji."

Jumapili, 16 Juni

Jana Bwana Novatus alinionyesha karatasi za juma la kwanza. Sikutegemea kuwa usingizi unaweza kuchorwa. Kila usiku ni mstari mmoja mrefu. Mtoto akitulia, mstari unalala. Akijigeuza, unasimama kidogo. Watoto wengine wote wako hivyo. Lakini karatasi ya Kulwa ni ya ajabu. Usiku mmoja umetulia. Unaofuata, ikifika kama saa kumi alfajiri, mistari inasimama pamoja, mirefu, myeusi, kama mabua ya mtama, kisha ghafla kimya kabisa. Usiku unaofuata, utulivu tena.

"Mashine mbovu hii," alisema. Akaleta nyingine.

Jumanne, 18 Juni

Saa ipo. Alilala vizuri.

Jumapili, 23 Juni

Mashine mpya imechora yale yale. Usiku mmoja shwari, usiku mmoja mabua.

Bwana Novatus hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alisema, "Dada Maksi, wewe unafika kweli kwenye hizi kaya, au unaandika ukiwa nyumbani? Mama anasema analala vizuri kila siku. Mashine inasema mtoto anapigana na simba. Mmoja kati yenu watatu anadanganya."

Nilitaka kusema kwamba nafika kila siku, kwamba nguo zangu zina vumbi la njia zote kumi na mbili. Sauti haikutoka. Nilitikisa kichwa tu. Alisema ananipa majuma matatu. Karatasi zikiwa hivi hivi, kaya ya Nyanjige inatolewa, na mimi pia.

Jumatano, 26 Juni

Saa ipo. Nimeikagua mara mbili. Alilala vizuri.

Ijumaa, 28 Juni

Mbuzi wa Nyanjige wameingia kwenye pamba ya jirani. Mchungaji alikuwa Kulwa. Alikutwa chini ya kichaka amelala usingizi mzito, fimbo mkononi. Jirani alimchapa. Bibi Milembe akasema sasa wote wawili wamekuwa wavivu. Kulwa hakulia wala hakujitetea. Alinikumbusha mimi mbele ya Bwana Novatus.

Jumatatu, 1 Julai

Kulwa amedondokwa na jino la mbele. Alinijia akikimbia, saa mkononi, akanichekea ili nione pengo. Alilala vizuri.

Jumanne, 2 Julai

Naandika polepole ili nielewe mwenyewe.

Leo asubuhi mtoto mwenye saa alikuwa ameegemea ukuta juani. Nilichuchumaa nikaangalia saa, ipo. Nikamwambia, "Kulwa, hebu nione tena pengo." Akafungua mdomo. Meno yote yalikuwepo. Ulimi wake ulikuwa na jeraha pembeni, jekundu, kama ameung'ata.

Jino haliwezi kuota kwa usiku mmoja. Nilibaki nimechuchumaa. Nyuma yangu nikamsikia mtoto mwingine akicheka na mbuzi, nikageuka, na pengo lilikuwa kwake.

Siku zote hizi nimekuwa nikimjua Kulwa kwa saa. Aliyekuwa na saa, mimi nilimwita Kulwa nikaandika.

Nyanjige alikuwa akipepeta mtama. Aliponiona uso aliweka ungo chini.

"Umejua."

"Mayu," nilimwita kwa Kisukuma, kama mama, "mnabadilishana?"

"Kila jioni. Alianza Kulwa kwa sababu ndiye aliyetangulia kuzaliwa, kesho yake Doto, kesho yake Kulwa. Hatujaruka hata siku moja, Maksi. Tumegawa sawasawa kabisa." Alisema kama mtu anayetegemea kusifiwa. "Ningefanyaje? Mabasa hawapewi kitu kimoja akakosa mwingine. Na yule kijana wenu ana haraka, hasikilizi."

Nikamwambia kuhusu karatasi. Ilinichukua muda mrefu. Nilichora mchangani kwa kijiti: usiku umelala, usiku umesimama. Tulirudi nyuma tukihesabu tarehe. Usiku wa mabua wote ni wa Doto.

Nilidhani atashangaa. Hakushangaa. Aliangalia nyumba ndogo, akasema kwa sauti ya chini kuliko hata yangu, "Mkeka wake anaulowesha. Na ule ulimi si mara ya kwanza." Kisha akanishika mkono. "Usiseme, mdogo wangu. Nakuomba. Wakilitaja lile neno, hapa hakuna mtoto atakayeruhusiwa kula naye sahani moja. Hata shule hawatamwandikisha."

Hakulitaja neno. Sikulitaja. Tulilijua sote wawili: kifafa.

Niliahidi.

Jumatano, 3 Julai

Saa ipo. Nimeandika "alilala vizuri."

Alhamisi, 4 Julai

Nimeandika tena.

Jumapili, 7 Julai

Sikukuu ya Saba Saba. Baba ameenda mjini na ameniletea blauzi ya mitumba yenye vifungo vya shaba. Nimemshukuru, nikashindwa kula. Akaniuliza kama kuna mtu amenikosea. Nikasema hapana, na ni kweli. Mimi ndiye ninayekosea, ila sijui ninamkosea nani zaidi. Nikinyamaza, Jumamosi Doto anavuliwa saa na hakuna atakayejua usiku wake tena. Nikisema, nimevunja ahadi kwa mtu aliyenipa uji tangu siku ya kwanza.

Jumanne, 9 Julai

Mvua isiyo ya msimu ilinyesha alfajiri, tulikimbia kufunika pamba na maturubai. Nilipofika kwa Nyanjige nilikuwa nimelowa. Yeye hakuwa na habari na mvua. Alikuwa amempakata Doto, kidevu cha mtoto kina damu, macho yamefunguka lakini hayamwangalii mtu. Kulwa alisimama kando amemshika pacha wake mguu.

Sikuchukua daftari. Nilikaa kwenye tope.

"Mayu," nilisema, "mimi ni mwoga kuliko wewe. Kusema na watu mjini naona ni kama kufa. Lakini ukikubali, nitasema mimi. Wewe utanyamaza, nitasema mimi yote."

Alimpangusa Doto damu kidevuni.

"Wewe Maksi? Wewe ambaye hodi yako inasikiwa na kuku tu?"

Tulicheka, na yeye akaanza kulia humo humo ndani ya kicheko.

Jumatano, 10 Julai

Tumeenda. Nyanjige alimbeba Doto kwenye baiskeli ya baba, mimi nilitembea na Kulwa, maana Bibi Milembe alikataa katakata mmoja aende mjini na mwingine abaki.

Ofisini alikuwepo Bwana Novatus na mkubwa wake, Daktari Januarius, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Bwana Novatus aliponiona aliinua nyusi. "Umekuja kujieleza?"

Nikasema, "Ndiyo." Kisha nikaeleza. Niliangalia sakafu wakati wote, na mara mbili daktari aliomba nirudie kwa sababu hakusikia, lakini sikuacha katikati. Nilisema kuhusu mabasa, kuhusu jino, kuhusu siku nilizoandika uongo baada ya kujua. Bwana Novatus alishika kichwa. "Mwezi mzima! Mtoto si yule!"

"Subiri," alisema daktari. Alitandaza karatasi zote mezani akanipa penseli. "Weka K kwa Kulwa, D kwa Doto."

Niliweka. Hakuna kosa hata moja. Nyanjige aligawa kwa haki kuliko ghala lolote la ushirika. Daktari alimuuliza mambo ya mkeka, ulimi, kusinzia. Kisha akainama, akasogeza pua karibu na karatasi za K.

"Na huyu je? Tazama. Usiku wake ni shwari, lakini saa kumi alfajiri kuna mistari midogo. Kila usiku, saa ile ile. Kisha halali tena mpaka kunakucha. Mtoto mzima anaamka kufanya nini?"

Daktari alimgeukia Kulwa aliyekuwa akichungulia mashine ya kuchapa. "Bwana mdogo, usiku unaamka?"

"Naamka."

"Kufanya nini?"

"Doto akicheza ngoma namshika," alisema Kulwa. "Anacheza kalala. Namshika kichwa asijigonge ukutani. Akimaliza namfunika."

"Kila siku?"

"Kila siku. Halafu namwangalia, labda ataanza tena."

Nikamkumbuka chini ya kile kichaka, fimbo mkononi, amelala, na jirani akija.

Nyanjige alimvuta kwake. "Mwanangu, mbona hukuniambia?"

Kulwa alininyooshea mimi kidole, bila ubaya wowote. "Maksi anakuuliza wewe. Mimi haniulizi."

Alhamisi, 11 Julai

Nimewauliza watoto wote kumi na mbili wenyewe. Mmoja anaogopa popo. Mmoja analala mlangoni kwa sababu chandarua kinanuka dawa. Hakuna mama aliyeniambia haya, na mimi sikuwahi kumuuliza mtoto.

Jumamosi, 13 Julai

Daktari Januarius amekuja mwenyewe. Hospitali imempa Doto vidonge vidogo vyeupe, kimoja kila jioni. Amekaa na Bibi Milembe akamweleza kwa kelele kwamba ugonjwa huu hauambukizi, si kwa sahani, si kwa mate, si kwa kulala mkeka mmoja. "Nani kamshika kichwa miezi yote hii?" alisema. "Kulwa. Je, Kulwa anaumwa?" Majirani nao wamesikia, maana kelele ile ilifika mpaka kisimani. Sijui kama wameamini.

Doto naye amepewa saa yake. Bibi alisema, "Ningesikilizwa tangu mwanzo." Bwana Novatus akajibu, "Shikamoo, bibi," akapakia vitu vyake. Kwangu mimi alisimama kidogo akachezea funguo. "Zile siku zilizochanganyika hatuwezi kuziingiza kwenye hesabu za vyandarua. Lakini daktari kakataa zitupwe. Na mimi nilikuambia maneno siku ile… basi, tuendelee na kazi."

Ijumaa, 19 Julai

Doto kalala vizuri siku mbili, amesema mwenyewe. Ya tatu kacheza ngoma.

Jumatano, 24 Julai

Kacheza tena. Kulwa anasinzia mchana kuliko hata zamani. Watoto wa jirani hawaji kucheza pale. Uji wa Nyanjige siku hizi hauna chumvi wala sukari.

Jumapili, 28 Julai

Karatasi zimetoka. Mabua ya Doto ni machache, lakini yapo. Bwana Novatus anasema kama dawa haifanyi kazi watampeleka Mwanza, na Nyanjige anasema hamtoi mtoto aende Mwanza peke yake.

Jumatatu, 29 Julai

Leo nilienda jioni badala ya asubuhi, kuona kidonge kinavyotolewa. Bibi Milembe alikuwa amekaa na wajukuu wake wawili mbele yake. Alitoa kidonge kwenye pindo la kanga, akakiweka juu ya jiwe, akakivunja kwa kisu katikati, kwa uangalifu, akipima nusu hii na nusu ile. Nusu akampa Kulwa. Nusu akampa Doto.

Nyanjige alikuwa jikoni, hakujua. Bibi ndiye mtunza dawa tangu siku ya kwanza.

Ningeweza kumwita mama yao. Ningeweza kumsubiri daktari. Badala yake nikapiga magoti mbele ya yule mama mzee, nikapaza sauti ambayo sijawahi kuisikia mwilini mwangu.

"BIBI! HICHO NI CHA DOTO PEKE YAKE!"

Kuku walitawanyika. Bibi alishtuka, kisha akanikunjia uso. "Unanifokea, mtoto wa Ngassa? Mimi nimelea mabasa kabla mama yako hajazaliwa. Hawali kitu nusu nusu hawa?"

"Wanakula, bibi. Ni haki." Nilikuwa nalia lakini sauti niliiacha juu hivyo hivyo. "Lakini Doto akicheza usiku, Kulwa analala?"

Alifikiri. "Halali."

"Doto akipata nusu anacheza. Akicheza, wote wawili wamekosa usingizi. Akipata kizima anatulia, na wote wawili wanalala. Unapowagawia kidonge unawanyima usingizi wote. Wape usingizi, bibi. Huo ndio uugawe sawa."

Nyanjige alikuwa ameshatoka jikoni na mwiko mkononi, mdomo wazi.

"Huyu," bibi alimwambia, "nani alisema hana sauti?" Kisha akamgeukia Doto. "Kesho kizima. Na Kulwa nitamtafutia karanga, asione kama nimemsahau."

Nilipofika nyumbani baba aliniambia eti mnunuzi wa pamba kule barabarani amemuuliza nani alikuwa akipigana kwa Nyanjige.

Ijumaa, 2 Agosti

Kizima. Karanga moja. Doto: "Nililala."

Jumatatu, 5 Agosti

Kizima. Karanga mbili, Kulwa amegoma kupokea moja. Doto: "Nililala."

Alhamisi, 8 Agosti

Doto hajaegemea ukuta leo. Alikuwa kwenye lundo la pamba na mtoto wa jirani, mmoja wa wale waliokatazwa kuja, wanatumbukia na kuibuka kama samaki. Mama wa yule mtoto alipita barabarani, akaona, akasimama. Nyanjige naye akasimama. Mwisho yule mama akasema tu, "Watachafua pamba hao," akaendelea na safari yake. Nyanjige akarudi kukaa chini.

Kulwa bado anaamka saa kumi, ingawa hakuna ngoma. Nilimuuliza kwa nini. "Naangalia tu," alisema.

Jumapili, 11 Agosti

Mabua hayapo kwenye karatasi ya Doto, juma zima. Karatasi ya Kulwa bado ina mistari yake midogo, saa ile ile.

Jumatano, 14 Agosti

Nimefika kwa Nyanjige jua likiwa limeshapanda, maana tulikuwa tunafunga marobota ya mwisho na baba. Doto alikuwa nje anafukuza kuku, ametaabisha nyumba nzima, mama yake anamkemea huku anacheka. Mbuzi walikuwa bado zizini wanalia.

"Kulwa yuko wapi?" niliuliza.

Nyanjige aliweka kidole mdomoni, akanionyesha nyumba ndogo.

Bibi Milembe alikuwa amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha kuziba njia. Doto alikuja mbio akitaka kupita. "Nimwamshe! Mbuzi wana njaa!" Bibi alimkamata kiuno akamrudisha. "Mbuzi watangoja. Nenda kawachunge wewe, una macho." Doto akaichukua fimbo, akaondoka akijivuna.

Nilichungulia juu ya bega la bibi. Kulwa alikuwa amelala chali kwenye mkeka, mikono ameitupa huku na huku, mdomo wazi na pengo lake wazi, jua limemfika magotini. Mkono wenye saa ulikuwa umelegea kabisa.

"Tangu jana jioni," bibi alininong'oneza, na mnong'ono wake ulisikika mpaka kwa jirani. "Hakugeuka hata mara moja. Andika hivyo."

"Sitaandika bado, bibi," nilisema.

Nyanjige alileta kigoda. Nikakaa pale mlangoni pamoja nao, daftari limefungwa magotini, tukasubiri aamke nimuulize mwenyewe.